Kauri mkononi mwa mtoto, kauri shingoni mwa mama

SWALI: Assalaam alaykum, shekhe. Ninatunga vidani na vikuku vya kauri, yale magamba madogo ya konokono wa baharini, ninavivaa na kuviuza. Nimemsikia mhadhiri akisema kauri ni haramu kwa kuwa imetajwa vibaya kwenye hadithi, na mwingine kaniambia nikiswali nimevaa kidani changu nimebeba mzoga. Isitoshe, nilipojifungua, bibi yangu alimfunga mwanangu kauri moja mkononi ili asipatwe na jicho. Naona haya kuifungua. Je, niache biashara? Na ya mtoto nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu.

Nitaanza na mtoto, kwa sababu hapo ndipo penye uzito; hayo ya biashara yatajibika kwa urahisi baadaye.

Hadithi aliyoigusia mhadhiri ipo. Imam Ahmad ameipokea kutoka kwa Uqba bin Aamir (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) alisema mwenye kutundika hirizi Mwenyezi Mungu asimtimizie jambo lake, na mwenye kutundika kauri Mwenyezi Mungu asimpe utulivu. Wapo wanazuoni walioidhoofisha sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, ila maana yake inabebwa na hadithi nyingine ya Uqba huyo huyo: watu kumi walikuja kumpa Mtume (s.a.w.) kiapo cha utii, akapokea cha tisa na kumwacha mmoja. Alipoulizwa sababu, akasema, "Huyu ana hirizi." Yule mtu akaingiza mkono akaikata, ndipo akapokelewa, na Mtume (s.a.w.) akasema mwenye kutundika hirizi amefanya shirki, yaani amemshirikisha Mwenyezi Mungu.

Sasa tazama kilichokatazwa. Waarabu wa zama za ujahiliya, kabla ya Uislamu, walikuwa wakizitundika kauri kukinga jicho. Igeuze kauri tumbo juu utaona ule mpasuko mrefu wenye meno pande zote mbili. Watu wengi, katika nchi zilizo mbali mbali, wameuona kama jicho lililofumba nusu, wakadhani jicho litazuia jicho. Kosa ni hiyo dhana. Anayeamini kwamba kauri yenyewe inakinga bila ya Mungu, hiyo ni shirki kubwa. Anayeamini kwamba Mungu ndiye mkingaji ila kauri ni sababu, amefanya sababu jambo ambalo Mwenyezi Mungu hakulifanya sababu, na wanazuoni wameihesabu hiyo kuwa shirki ndogo. Ndogo kwa jina tu, dada yangu, si ya kuchezea.

Kwa hiyo ifungue leo. Bibi yako usimwite mshirikina. Alilofanya kalifanya kwa huruma, na huenda hakuna aliyewahi kumweleza. Mkalishe, mwambie Mtume (s.a.w.) naye alikuwa na wajukuu na akiwahofia jicho. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kwamba alikuwa akiwakinga Hasan na Husein kwa kusema: "U'idhukumaa bikalimaatillaahi ttaammah, min kulli shaytwaanin wa haammah, wa min kulli 'aynin laammah," yaani ninawakinga kwa maneno ya Mwenyezi Mungu yaliyotimia, na kila shetani na mdudu mwenye sumu, na kila jicho lenye kudhuru; na akasema Ibrahim (a.s.) aliwakinga kwa maneno hayo Ismail na Is-haka. Kwa mtoto mmoja utasema "U'idhuka", na akiwa wa kike "U'idhuki". Mwombe bibi ndiye awe anamsomea kila jioni. Hapo hujamnyang'anya kitu, umempa kazi.

Ama mzoga, hilo lisikushughulishe. Mtume (s.a.w.) alisema kuhusu bahari kwamba maji yake ni twahara na maiti yake ni halali. Kauri ni gamba la konokono wa baharini, basi ni twahara, na swala yako inasihi. Bali Mwenyezi Mungu katika Suratun Nahl, aya ya 14, ametaja mapambo tunayoyatoa baharini na kuyavaa miongoni mwa neema zake.

Na kuuza? Waislamu wameshika kauri kama sarafu kwa karne nyingi. Msafiri Ibn Battuta, aliyekuwa kadhi katika visiwa vya Maldivi miaka ya 1340, ameandika jinsi watu wa kule walivyoziokota baharini, wakazifukia mashimoni mpaka nyama ikaisha, kisha wakawauzia watu wa Bengal kwa mchele. Kule laki 4 ziliuzwa kwa dinari moja ya dhahabu, na bei ikishuka hata zaidi ya hapo. Alipofika Mali na Gao, huko Afrika Magharibi, akakuta 1,150 tu zikiuzwa kwa dinari. Kadhi yule hakuona haramu katika biashara ile, nami siioni katika yako.

Lakini hayo mashimo yananirudisha kwenye jambo ambalo hukuliuliza. Mng'aro wa kauri unatokana na konokono mwenyewe: akiwa hai huutoa mwili wake nje ukalifunika gamba. Akifa, jua na mchanga hulifubaza. Hivyo zile zinazong'aa sana aghalabu zilitolewa kwa konokono aliye hai. Kumvua kwa manufaa kunajuzu, ila Imam Muslim amepokea kwamba Mwenyezi Mungu ameandika wema katika kila kitu, hata katika kuua. Kumwacha kiumbe afe taratibu juani, hali yapo maji ya moto ya kummaliza mara moja, sioni wema wake. Waulize wanaokuletea mzigo. Na zilizofubaa pwani nazo hutungika, hata zikiuzwa bei ya chini.

Limebaki la mnunuzi. Ukijua kwamba fulani anazinunua akapigie ramli, usimuuzie, kwani tumekatazwa kusaidiana katika dhambi. Ukishuku tu bila ya kujua, kuuza ni makuruhu, yaani si haramu ila ni bora kuacha. Asiyejulikana hali yake, muuzie. Hukukalifishwa kumhoji kila mteja. Na usiinadi bidhaa yako kwa kusema inaleta bahati au inafukuza husuda, hata kwa mzaha wa sokoni.

Ile kauri ya mtoto, ukishaikata uzi, si lazima uitupe. Itie kwenye kidani pamoja na nyingine.

Wallahu a'lam.