Wanaume wanane: nani aimbe soprano?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Sisi ni wanaume wanane wa kwaya moja hapa Mikindani. Rafiki yangu alinitumia kwenye simu nyimbo za Slovenski oktet, wanaume wanane wa Slovenia, nikazipenda mno. Tukajaribu vivyo hivyo kwa wimbo wetu wa mavuno: soprano na alto za akina mama tukazishusha oktavu moja, yaani kutoka do hadi do ya chini yake. Ikawa vurugu, besi haisikiki. Tumekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Sauti zenu sina shaka nazo. Kosa liko kwenye mpangilio. Alto ukiishusha oktavu moja inaangukia mle mle wanamoimba teno na besi. Soprano nayo inagongana na teno, ambayo haikushuka. Sauti nne mmezisukumiza kwenye chumba kimoja.

Kosa hilo nalijua. Mwaka wangu wa pili wa kufundisha, msibani, akina mama walichelewa na lori, nikawaambia wanaume wajaze zote nne. Ubeti wa kwanza haujaisha nikamwona mjane anainua uso kututazama. Niliwanyamazisha, tukaimba sauti moja mpaka kaburini.

Hao uliowasikia, kundi lao lilianza 1951, na wamegawana wawili wawili: teno ya kwanza, teno ya pili, baritoni (sauti iliyo kati ya teno na besi), besi. Ila asili ya uimbaji huo ni vijijini. Vijana wa kiume ambao hawajaoa walikutana jioni, mara nyingi chini ya mti wa kijiji uitwao lipa, kama sisi na mwembe, wakaimba bila kinanda. Mmoja anaanzisha, wenzake wanapokea. Sasa sikiliza vizuri hapa: mwanzilishi si lazima awe juu. Wimbo wenyewe anao yeye, katikati, na mwingine anapita juu yake. Sauti hiyo ya juu wanaiita "čez", tamka "chez", maana yake kupita juu ya kitu. Nilipolielewa hilo nilipanga upya nusu ya daftari langu.

Basi wimbo mpeni teno ya pili. Akiimba mi, re, do, teno ya kwanza apite juu kwa so, fa, mi. Besi achukue do, so ya chini, do. Baritoni abaki kwenye so ya kati mwanzo hadi mwisho, asihangaike. Imbeni hizo noti tatu polepole hata mara ishirini kabla ya kugusa maneno. Mtasikia nafasi imepatikana.

Jambo moja baritoni walikazie: besi akiwa chini kabisa kwenye do, wasimkalie na mi iliyo juu yake tu. Huko chini noti zikibanana hivyo zinatoa mvumo mzito, neno halisikiki. Mi waachieni wa juu. Ndiyo maana besi yenu imepotea.

Na teno ya kwanza, wale wawili, msiwachague kwa nguvu ya kifua. Kwaya zetu za huku Mtwara tumezoea teno ya kupaza, ishindane na ngoma na kayamba, na kwa wimbo wa mavuno inapendeza sana. Kwa wanaume wanane bila chombo haifai. Mwambie kila mmoja aimbe kama mtu anayembembeleza mtoto huku mama yake amelala chumba cha pili. Akishindwa kumsikia mwanzilishi, apunguze yeye.