Wadogo zangu mafundi, mlango wa mgodini si mmoja tena

Katika karakana yangu ya kusuka mota, yaani kuzifunga upya koili za waya za mota za umeme zilizoungua, mtaani Katuba, Lubumbashi, haipiti wiki bila kijana kufika na cheti mkononi akiuliza apitie wapi ili aajiriwe mgodini. Swali hilo ni la urithi, kwa kuwa baba zetu waliingia Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, wangali vijana, wakapata nyumba, shule ya watoto na matibabu, wakaamini kwamba kazi ile ingewafikisha uzeeni. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walianza kuondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari, na baba yangu alikuwa mmoja wao. (Mama huicheka hiari hiyo hadi leo, akikumbuka miezi tuliyokaa bila mshahara.)

Siku hizi kazi nyingi za matengenezo migodini hupitia kwa makampuni yanayozichukua kwa mkataba, na sheria ya tarehe 8 Februari 2017 imeyatengea kazi hizo makampuni ambayo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongomani. Mlango upo, ila mikataba ni mifupi. Mimi nilifanya kazi miezi mitatu mitatu, mara nne, na mara ya mwisho niliachishwa kwa simu, Jumapili jioni. Kabla ya kutia sahihi, ulizeni kama mchango wenu utalipwa CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, na ombeni nakala ya mkataba siku hiyohiyo.

Kuhusu ufundi wenyewe, msiishie kwenye kusuka. Niliwahi kusuka mota ya pampu ya mteja mmoja, ikarudi imeungua baada ya siku tisa, nikaisuka tena bure huku nikiilaumu waya. Iliporudi mara ya pili ndipo nilipoitazama vizuri: kati ya fezi tatu, yaani njia tatu za umeme zinazoiendesha mota, koili za fezi mbili zilikuwa nyeusi, za fezi ya tatu safi kabisa, na kwa mota iliyofungwa kwa mtindo wa nyota hiyo ni dalili kwamba ilikuwa ikizunguka huku fezi moja imekatika. Kosa lilikuwa kwenye kontakta ya mteja, yaani swichi inayoiwasha na kuizima mota, ambako sikuwahi kufika. Tangu siku hiyo siirudishi mota bila kwenda kukagua inakofungwa, na ni ujuzi huo wa kutafuta chanzo, kuliko wepesi wa mikono, ambao wasimamizi wa matengenezo huniulizia.

Kati ya mkataba na mkataba, umeme unaokatika kila mara unatulisha: jenereta, inveta na betri za sola hazikosekani karakanani. Basi fungueni daftari, na kwa kila kifaa muandike tarehe, dalili, chanzo na vipimo vya kabla na baada ya kazi, ukiwemo ukinzani wa vihami (vifuniko vinavyozuia umeme usivuje kutoka kwenye waya) uliopimwa kwa volti 500. Katika usaili wangu wa mwisho msimamizi alikitazama cheti mara moja tu, kisha akaniuliza habari za ile pampu, ukurasa kwa ukurasa.