Wafunge, ila wasiwachezee ngoma usoni

Dada yangu, umeuliza kama uwakataze mabinti wa timu yako ya soka kufunga mabao zaidi, baada ya ule ushindi wa tisa bila hapa Tanga, wageni wakitoka wanalia huku wako wanakata mauno mbele yao. Usiwakataze. Pasi za dhihaka za kuua muda zinaumiza kuliko bao la kumi, na kwenye ligi, tofauti ya mabao huhesabiwa.

Kombe la Dunia la wanawake 2019, Marekani iliifunga Thailand 13-0 mjini Reims. Lawama nyingi ziliangukia shangwe za Wamarekani. Lakini baada ya mechi mchezaji wao Carli Lloyd alimfuata kipa wa Thailand akamtia moyo, na hilo ndilo ningependa mabinti zako waige.

Bao la kwanza washangilie watakavyo, wamelitolea jasho! Likifika la tano, wagongeane mikono, warudi kati. Ingiza wa benchi, nao wacheze kwa nguvu zote. Filimbi ikilia, nahodha aanze na kipa wao, amtajie mpira aliouokoa vizuri; "pole" tupu haitoshi. Wazazi wanaozomea pembeni, zungumza nao wewe mwenyewe kabla mechi haijaanza.