Kisanduku cha Donald

Elia mwanangu,

Salamu nyingi kwako, kwa mkamwana wangu na kwa Yona. Sisi hatujambo. Goti la baba yako limetulia tangu baridi ipungue, na ameanza tena kutembea hadi kanisani.

Ujumbe wako niliusikiliza mara mbili. Unasema Yona amegombana na wenzake wa timu. Wao wanasema Armando Galarraga, yule mrushaji wa besiboli, hakuwahi kupata mchezo kamili, yeye anasema alipata, maana bibi yake ana karatasi ya siku ile. Unataka nimalize ugomvi: ni mchezo kamili au si kamili?

Kwanza niseme juu ya karatasi yenyewe, kwa sababu naona mmeshaanza kuisimulia vibaya. Haikuwa yangu. Ilikuwa ya Mzee.

Mzee unamkumbuka, ndiye aliyekupa ile baiskeli nyekundu. Tulikuwa na miaka mitatu tu hapa Lansing, Michigan, mimi nikifanya zamu ya jioni kwenye nyumba ya wazee na ninyi mkijipikia. Mikono yake ilitetemeka hata kijiko kikifika mdomoni kimebaki nusu. Lakini tangu ujana wake alikuwa akiandika kwa penseli kila mchezo wa besiboli anaoufuatilia, na hakutaka kuacha. Basi akanifanya mimi kuwa mkono wake. Alinifundisha kwamba kila mchezaji ana namba ya nafasi yake, si ile ya mgongoni: mrushaji ni 1, mdakaji ni 2, wa kituo cha kwanza ni 3, hivyo hivyo hadi 9. Namba 3 akiuokota mpira akamrushia namba 1, ukafika kituoni kabla ya mpigaji, unaandika 3-1 kwenye kisanduku cha mpigaji, naye ameshatoka. Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha "ndiyo" na "pole", lakini namba hazina lafudhi. Kwa namba tulielewana kabisa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, 2 Juni 2010. Timu yetu, Tigers, walikuwa kwao Detroit wakicheza na Cleveland. Galarraga, yule kijana wa Venezuela, alikuwa akirusha, na mimi najaza visanduku: ametoka, ametoka, ametoka. Kufika duru ya sita Mzee akaacha kuzungumza. Ukiwarudisha wapigaji wote 27 bila hata mmoja kukanyaga kituo, huo ndio mchezo kamili, na tangu 1880 hadi jioni ile ulikuwa umetokea mara 20 tu katika ligi kuu.

Duru ya tisa, ya mwisho, mpigaji wa kwanza aliupeleka mpira mbali kabisa, karibu na ukuta. Austin Jackson akaukimbilia akiwa ameupa mgongo, akaudaka juu ya bega. Nilipiga kelele mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Nikaandika 8, namba ya Jackson. Wa pili, 6-3. Wa ishirini na saba alikuwa Jason Donald. Akaupiga chini upande wa kulia, Miguel Cabrera wa kituo cha kwanza akatoka kituoni akauokota, Galarraga akakimbia kukifunika kituo, Cabrera akamrushia. Mpira umo ndani ya glovu, mguu umo kituoni, Donald bado hajafika. Mimi nikaandika 3-1. Sikumngoja mtu.

Nilipoinua macho, mwamuzi Jim Joyce alikuwa ametandaza mikono: amefika salama.

Elia, Galarraga alitabasamu. Wenzake wanamzonga mwamuzi, uwanja mzima unazomea, yeye anatabasamu na kurudi kwenye kilima chake kurusha tena. Mpigaji aliyefuata alitoka, 5-3, na mchezo ukaisha 3 kwa 0 baada ya saa moja na dakika 44. Mipira 88 tu alirusha.

Mzee akaniambia: "Futa."

Nikamwambia nimeona kwa macho yangu. Akasema naye ameona. Kwenye televisheni walikuwa wakirudia picha polepole, tena na tena, kila mara Donald anachelewa. "Futa," akasema, "tunaandika alichoamua mwamuzi." Nikafuta. Nilisugua kwa raba mpaka karatasi ikakonda, nikaandika kwamba Donald alifika kwa pigo safi. Jambo hilo bado linaniuma. Kalamu nilikuwa nayo mimi, na jicho nilikuwa nalo mimi, nikafuta.

Unajua ninavyosema siku zote: karatasi haina macho. Wewe mwenyewe, ukitoa kitambulisho chako, umezaliwa 1 Januari. Mimi 1 Januari. Baba yako 1 Januari. Familia nzima tulishuka tumboni siku moja kwa sababu karani wa kambini Kigoma alikuwa na watu wengi na kisanduku kilitaka kujazwa. Wewe ulizaliwa wakati wa kupalilia maharage, usiku, mvua inavuja penye kona ya kitanda, na bibi yako akakukinga kwa sinia. Hiyo ndiyo tarehe yako, na hakuna mahali imeandikwa.

Lakini pia najiuliza. Hiyo karatasi isiyo na macho ndiyo iliyotupandisha ndege. Kama kila mwenye kulia angefutiwa na kuandikiwa upya, nani angeiamini? Labda Mzee alikuwa sahihi. Simpendi kwa hilo, lakini labda alikuwa sahihi.

Usiku ule nilipompelekea dawa alikuwa macho, akanisimulia habari za Harvey Haddix, mrushaji wa Pittsburgh. Mzee alikuwa kijana wa Pittsburgh, akisikiliza redio na baba yake, tarehe 26 Mei 1959. Haddix, ambaye hata siku ile alikuwa na mafua, aliwarudisha wapigaji wa Milwaukee 36 mfululizo. Thelathini na sita! Duru 12 kamili, jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake. Lakini timu yake haikupata hata alama moja, kwa hiyo mchezo haukwisha. Duru ya 13 mwenzake Don Hoak akakosea kurusha, mtu wa kwanza akapanda kituoni. Kisha Joe Adcock wa Milwaukee akaupiga mpira ukavuka uzio. Hata hapo wakavurugana, Adcock akampita njiani mwenzake Hank Aaron aliyekuwa mbele yake vituoni, mpaka mwishowe matokeo yakaandikwa 1 kwa 0. Haddix alishindwa mchezo ambao pengine hakuna aliyewahi kuurusha vizuri kuliko yeye. Na mwaka 1991 kamati ya ligi ikabadilisha maana ya mchezo usio na pigo, yaani ambao mrushaji hapigwi hata pigo safi moja, jina lake likaondolewa kwenye orodha hiyo. Alipoulizwa alisema ni sawa, anajua alichofanya.

Mzee alilisema hilo taratibu, halafu akageukia ukutani. Nadhani alikuwa ananiambia mimi.

Kesho yake walicheza tena mchana. Nilikuwa na zamu ya mtu mwingine, nikawahi. Joyce alikuwa nyuma ya kituo cha nyumbani. Usiku alikuwa ameangalia picha, akalia, akamwomba Galarraga radhi ana kwa ana, akakiri mbele ya dunia kwamba amemnyang'anya kijana mchezo kamili. Na Galarraga alisema hakuna binadamu aliyekamilika. Sasa mchana huo kocha akamtuma Galarraga ndiye apeleke kwa mwamuzi karatasi ya majina ya wachezaji. Joyce akaipokea huku anafuta machozi, akampiga kijana kofi dogo begani.

Nimefanyiwa makosa mengi na watu wenye kalamu, mwanangu. Kuna kazi niliandikwa mchelewaji siku ambayo basi lilikwama kwenye theluji, na aliyeniandika aliliona basi lile kwa dirisha. Hakurudi kusema neno. Mpaka nilipoacha kazi ile, mstari ule ulikuwa bado umo. Ndiyo maana nilipomwona Joyce analia mchana kweupe, mtu mzima mwenye masharubu, nililia naye. Sikuwa namlilia Galarraga. Yeye alikuwa na tabasamu lake.

Mkuu wa ligi, Bud Selig, alikataa kugeuza uamuzi. Gavana wa Michigan akatoa tangazo lake kwamba ulikuwa mchezo kamili. Galarraga akapewa Corvette. Na tangu 2014 waamuzi wanaweza kurudia picha kwa karibu kila uamuzi wa namna ile. Yona amezaliwa kwenye besiboli hiyo, hawezi kujua ilivyokuwa kukaa na kosa usiku kucha bila mahali pa kulipeleka.

Siku hiyo ya pili Mzee aliniomba karatasi ya jana na penseli. Nikadhani anataka nirudishe 3-1. Nilikuwa tayari, nilikuwa nimeshainama. Akaichukua penseli yeye mwenyewe, mkono unaruka, akaandika pembeni, nje ya visanduku vyote, 28. Ilimchukua muda mrefu. Mchezo kamili una watu 27 wanaotoka, Galarraga aliwatoa 28. Hakuna safu ya namba hiyo kwenye karatasi yoyote.

Sasa jibu lako. Ninalo, ninalo hapa mdomoni, na baba yako anacheka kwa sababu anajua jinsi ninavyoteseka kulizuia. Lakini nikilisema, Yona ataenda kuwaambia wenzake "bibi kasema", na watabishana juu ya bibi badala ya mchezo. Nilikuwa tayari kuandika upya kisanduku kile, hilo tu naweza kukwambia.

Mlete Pasaka. Karatasi iko kwenye bahasha ya vyeti vyetu vya kambini, kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda. Nitamwinulia dirishani, kwa maana kisanduku cha Donald kimekonda kiasi kwamba mwanga unapita, na ukitazama vizuri 3-1 bado inasomeka.

Mama yako.