Uvimbe wa shingoni unaodunda

SWALI: Daktari, mimi ni fundi cherehani hapa Kariobangi, umri miaka 43, mzaliwa wa Nyahururu. Miaka 4 iliyopita niliota uvimbe upande wa kushoto wa shingo, chini kidogo ya pembe ya taya. Ulianza kama harage, sasa ni kama yai la kware. Hauumi. Makohozi yalipimwa yakawa safi, lakini nikapewa dawa za TB miezi 6. Nilizimaliza, uvimbe uko palepale. Kliniki moja sasa inataka kuudunga sindano Alhamisi ili watoe sampuli. Mke wangu anasema nikuulize kwanza. Usiku mtaa ukitulia nausikia ukidunda. Dada yangu pia ana kama huu. – Fundi

JIBU: Fundi, mshukuru mama watoto. Alhamisi nenda, ila mwambie daktari sindano ingoje picha.

Barua yako niliisoma mara mbili kwa sababu ya yale ya mwishoni: unadunda, na dada yako anao. Shingoni kuna mshipa mkubwa, karotidi, unaopeleka damu kichwani. Usawa wa juu ya koromeo unagawanyika kama panda ya manati. Katikati ya panda hiyo kuna kinyama kidogo kama punje ya mchele, kazi yake kuonja damu na kujua ina oksijeni kiasi gani. Mara chache sana kinyama hicho huota uvimbe. Wanaoishi milimani, kwenye hewa nyepesi, huupata zaidi. Peru na Mexico wanaujua vizuri. Nyahururu iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Sisemi ndiyo iliyokuletea, lakini nimeiandika pembeni mwa barua yako.

Ushike taratibu kwa vidole viwili, upande huo mmoja tu, bila kukandamiza. Uvimbe wa namna hii husogea kulia na kushoto, ila juu na chini unagoma, kwa sababu umeshikamana na mshipa. Hata hivyo tezi ya kawaida iliyokaa juu ya mshipa nayo hudunda, kwa hiyo vidole havitoshi.

Nikiwa bado mwanafunzi wa upasuaji niliudunga mmoja, nikiamini ni tezi. Sirinji ilijaa damu nyekundu ya kung'aa kabla sijaivuta. Nilibana shingo ya yule mama kwa shashi hadi vidole vikafa ganzi, naye ananiuliza kama nimemaliza. Alipona. Tangu hapo uvimbe wowote unaodunda naupiga picha kwanza. (Wasomaji wengine msianze kuogopa sindano: kwa uvimbe mwingi wa shingo ndiyo njia sahihi.)

Kuhusu TB, aliyeishuku simlaumu. Tezi za shingo zikivimba hapa kwetu, mara nyingi ndiyo, na makohozi yanaweza kuwa safi ilhali ugonjwa umejificha kwenye tezi. Ninachogomba ni kwamba miezi 6 iliisha bila nafuu na hakuna aliyejiuliza upya.

Anza na ultrasaundi inayoonyesha mtiririko wa damu. Haina gharama kubwa kama nyingine. Ikionyesha uvimbe umekaa kwenye panda, utahitaji skani ya CT ya mishipa au MRI. Upimwe presha, na ukiwa na mapigo ya moyo ya kasi, jasho jingi au kichwa kuuma kwa vipindi, sema, maana baadhi ya uvimbe huu humwaga homoni na lazima ijulikane kabla ya dawa ya usingizi.

Mwingi si saratani na hukua polepole. Kwa umri wako huenda ukashauriwa uondolewe kabla haujauzingira mshipa, kwa sababu ukishauzingira, hatari ya kiharusi, sauti kukwaruza au shida ya kumeza huongezeka. Kazi hiyo ataifanya daktari wa upasuaji wa shingo akiwa na mwenzake wa mishipa ya damu, na damu ya akiba iwe tayari. Omba barua ya rufaa hadi kliniki ya masikio, pua na koo ya Hospitali ya Taifa ya Kenyatta.

Dada yako mpigie leo. Naye asidungwe kabla ya picha. Halafu muulizeni baba kama kuna wa kwao aliyewahi kuwa na shingo kama hizi, kwani kuna aina ya urithi ambayo uvimbe huwatokea hasa walioipata kwa baba.