Shangazi, kabla dalali hajaja

Shikamoo shangazi. Umeniuliza mambo mawili: kama ni kweli huku Uingereza watu wanasomea kutunga nyimbo mpaka chuo kikuu, na kama uuze kiwanja cha Kibaha ili binamu naye aje. La kwanza ni kweli. La pili, nisikilize kwanza.

Somo lipo na si la mchezo. Unatunga wimbo, unauimba mbele ya mwalimu na wenzako, nao wanauchambua mstari kwa mstari. Ubeti wa pili umesema nini ambacho wa kwanza haukusema? Mbona kiitikio kimechelewa? Mnafungiwa chumbani watu msiojuana, jioni mtoke na wimbo mmoja.

Mimi kilichonitoa jasho ni mkazo. Kiswahili chetu mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: moyoni, bahari, nakupenda. Mstari unapiga, halafu unashuka. Nyimbo zao nyingi mstari unafunga papo hapo kwenye pigo, basi. Nikipachika Kiswahili kwenye melodi ya namna hiyo, nasikika kama nina kigugumizi. Vina ndiyo kinyume chake: sisi karibu kila neno linaishia na irabu, wao wanavisaka, na vikikosekana wanaridhika na vinavyokaribiana. Siku nilipomghania mwalimu shairi la mizani nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho, aliniomba nirudie. Kwa hiyo binamu asidhani anakuja kuokota utunzi ambao kwetu haupo.

Alichokikosa binamu ni habari ya haki ya mtunzi juu ya wimbo wake. Huku kabla ya kutoka studio mnaandikiana: huyu maneno, huyu melodi, kila mmoja asilimia yake. Wimbo ukipigwa redioni, baa au jukwaani, kuna chama kinaitwa PRS for Music kinachokusanya malipo na kumgawia mtunzi, hata kama aliyeimba ni mwingine. Dar wangapi wametunga kiitikio studio, wakapewa soda na ahsante?

Sasa pesa. Ada ya mgeni kwa mwaka mmoja wa uzamili inaweza kupita pauni 17,000, na huduma ya afya unailipia pauni 776 kwa mwaka kabla hujapanda ndege. Fedha ya kujikimu nayo lazima ionekane benki siku 28 mfululizo; ya kuazima Jumatatu na kurudisha Ijumaa haifai.

Na hili hawakwambii mawakala: viza ya mwanafunzi inaruhusu kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, lakini inakataza kujiajiri na inakataza kazi ya kutumbuiza. Mwanafunzi wa muziki, shangazi, haruhusiwi kupokea malipo ya kuimba! Zile picha zangu jukwaani mlizosambaziana ukoo mzima, sikupata hata senti. Kodi ya chumba naitoa kwenye kuosha vyombo katika nyumba ya kulelea wazee. Ukihitimu kuna viza nyingine inayokuachia kujiajiri, ila nayo ni ya muda na ni ya kulipia.

Akipata ufadhili aje, nitampokea mwenyewe uwanja wa ndege. Kwa kiwanja, hapana. Shahada hii haimfanyi mtu staa, na waliohitimu kabla yangu ninaowafahamu wengi wanafundisha watoto gitaa na kutunga usiku. Hayo binamu anaweza kuyafanya akiwa Dar, na akitaka shule ya sanaa, TaSUBa iko Bagamoyo.

Kwa sasa nyimbo zake azisajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na kila anayetunga naye waandikiane na kutia sahihi siku hiyohiyo. Halafu anirekodie mbili tatu kwa simu, sauti na gitaa tu, asiweke mdundo wa studio. Mdundo unaficha ubeti mbovu, na mimi nataka kuusikia ubeti.