Bolti zilizoshikwa na kutu: usikimbilie spana, na usiweke stenlesi kila mahali

Ndugu, nimesoma swali lako mara mbili. Pikipiki yako ya Boxer imemaliza miaka mitano kwenye barabara za Kakamega, nati mbili za ekzosi zimeliwa na kutu hadi hazina pembe, bolti moja ya kava ya injini imekatikia ndani, na fundi amekwambia uondoe bolti zote uweke za stenlesi, kile chuma kisichoshika kutu kirahisi. Unauliza kama akufanyie hivyo. Zipo anazoweza kubadilisha na zipo ambazo hafai hata kuzigusa. Lakini tuanze na zile zilizokwama, maana hapo ndipo watu huharibu injini.

Mimi niko Kisumu, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja kwenye boda. Ile ya mwanzo ilikuwa ya kubeba samaki kutoka Dunga hadi Kibuye, alfajiri. Kreti inajazwa barafu, barafu inayeyuka njiani, na yale maji yanashuka juu ya bolti za shoki, yanafika kwenye fimbo ya breki na nati ya ekseli. Watu husema ziwa letu ni la maji baridi, si chumvi kama ya Mombasa, kwa hiyo chuma hakina shida. Si kweli. Kutu inataka maji na hewa tu. Ongeza vumbi la murram, ambalo likilowa linakaa na unyevu siku nzima chini ya kichwa cha bolti, halafu uoshe kwa sabuni ya unga ya kufulia ambayo yenyewe ina chumvi ndani, na miaka miwili inatosha kabisa.

Siku moja nilitaka kubadilisha gasketi ya ekzosi. Nati ilikataa. Nikachomeka bomba kwenye spana ili mkono uwe mrefu, nikavuta. Ikaanza kulegea, nikafurahi. Kumbe haikuwa nati inayofunguka, ilikuwa stadi, ile bolti isiyo na kichwa iliyojikita kwenye injini, inayojisokota. Sasa naijua tofauti: nati inayofunguka hupiga kelele kidogo, inaachia kwa vishindo vidogovidogo. Chuma kinachotaka kukatika huenda laini, kimya, kama unakata kipande cha sabuni. Ukiuhisi ule ulaini, acha hapohapo, rudisha nyuma kidogo kama unakaza, kisha uweke mafuta na uende zako hadi kesho. Mimi sikuacha, na stadi ikabaki ndani ya silinda hedi, yaani kichwa cha injini.

Nikaongeza kosa juu ya kosa. Nilitoboa kipande kile kwa drili ya mkono, nikaingiza kile kijiti chenye meno ya kinyume cha kutolea bolti, nacho kikakatikia humo. Vijiti hivyo ni chuma kigumu kuliko drili ya kawaida, kwa hiyo kikishavunjika hakitoboleki tena. Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa kuchomelea kwenye jua kali. Alinyofoa vipande vya kile kijiti kwa tindo nyembamba, polepole, karibu saa nzima. Kisha akaweka nati mpya juu ya mdomo wa stadi, akajaza chomeleo katikati ya nati hadi ikashikana na kipande, akangoja ipoe, akaweka spana akaizungusha huku na huku kidogokidogo. Ikatoka. Lile joto la kuchomelea ndilo lililovunja kutu. Ukienda kufanyiwa hivyo, toa tangi la petroli kwanza, fungua waya za betri, chomoa na CDI, kile kisanduku kinachoendesha umeme wa plagi, na kibanio cha ethi cha mashine ya kuchomelea kishikwe palepale kwenye hedi, si kwenye fremu, umeme usije ukapita ndani ya bearingi.

Kwa hizo nati zako ambazo bado ziko, sugua meno ya stadi yanayoonekana kwa brashi ya waya hadi yang'ae. Hiyo ni nusu ya kazi, kwa sababu nati inakwama mara nyingi kwenye ile kutu ya nje wakati wa kutoka. Weka mafuta ya kupenya jioni, asubuhi na jioni tena, siku mbili au tatu. Kila mara gonga nati kwa nyundo ndogo, si kwa hasira, ili mafuta yapate njia. Siku ya kufungua, pasha injini dakika chache, tumia boksi (spana ya kikombe) ya pembe sita, si ya kumi na mbili wala spana ya mdomo wazi. Kama pembe zimeisha kabisa, pasua nati kwa tindo. Nati ni bei ya maandazi, hedi si hivyo.

Bolti iliyokwama kwenye alumini ni kesi nyingine. Hapo pasha ile alumini kuizunguka, usipashe bolti. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu linafunguka na bolti inabaki ndogo.

Sasa stenlesi. Kwa kava, madigadi, taa na kioo, weka. Lakini stenlesi ikikaa kavu ndani ya alumini na maji yakaingia, inayoliwa ni alumini, ule unga mweupe unaouona kwenye tundu. Paka grisi kwenye meno kabla ya kufunga, kila mara. Nati ya stenlesi juu ya bolti ya stenlesi bila grisi huwa zinang'atana zikaganda kabisa, hata zikiwa mpya.

Breki, ekseli, sproketi na shoki usiweke stenlesi ya hadwea. Angalia kichwani: nyingi zimeandikwa A2-70, ambayo nguvu yake ni megapaskali 700. Bolti ya chuma iliyoandikwa 8.8 ni 800, na ya 10.9 ni 1,000. Rudisha aina ileile iliyotoka kiwandani. Na kuwa macho na M10, yaani bolti ya unene wa milimita 10: ya pikipiki mara nyingi meno yake yameachana milimita 1.25, ya hadwea ni 1.5. Itaingia mizunguko miwili kwa vidole halafu igome, na ukilazimisha kwa spana umemaliza tundu.

Bolti yenye grisi huteleza, kwa hiyo kaza kwa mkono mwepesi kuliko ulivyozoea. M6 kwenye alumini inataka nguvu ya kukaza ya kama Nm (nyutoni mita) 10 tu. Hiyo ni spana fupi, ukishika karibu na kichwa chake, si mwishoni.

Baada ya hapo mimi hufanya jambo moja kila ninapoosha: sioshi injini ikiwa moto, na nikimaliza naendesha hadi ikauke, kisha napitisha kitambaa chenye oili safi kidogo kwenye vichwa vya bolti. Kidogo sana, maana oili nyingi ikikutana na murram inakuwa matope. Oili chafu ya injini siitumii, ina asidi. Na kitambaa hicho kisikaribie breki. Bolti za kava nazitoa moja moja kabla ya mvua ya Machi, nazipaka, nazirudisha.

Kwa ile iliyokatika, angalia kama kipande kimechomoza juu ya kava au kimezama. Kama kimechomoza hata milimita tatu, itatoka kwa nati ya kuchomelea. Kama kimezama usitoboe bado. Piga picha uweke hapa, kwanza tujue kiko katikati ya tundu au kimeegemea upande.